Huna picha yake lakini una video? Hivi ndivyo unavyoweza kuitoa ikiwa safi

Msiba ukitokea, moja ya vitu vya kwanza kuulizwa nyumbani ni picha ya marehemu. Inatakiwa kwenye ratiba ya ibada, kwenye fremu itakayosimama karibu na jeneza, na baadaye ukutani sebuleni. Watu wanafungua simu, wanatafuta, kumbe picha nzuri hakuna. Kilichopo ni video: mama akicheka kwenye harusi ya mpwa wake, babu akikata keki, baba akitoa nasaha kwenye kikao cha familia.

Na si misibani tu. Mtoto anaanza kutembea, binti anavishwa pete, timu ya mtaa inanyanyua kombe, na picha haipo kwa sababu kila aliyekuwepo alikuwa anarekodi.

Wengi hufanya hivi: wanasimamisha video, wanapiga skrinshoti, wanaituma WhatsApp kwa mtu wa steshenari. Picha inatoka na ukungu, sura haieleweki, na lawama anapewa mwenye printa. Mara nyingi mwenye printa hana kosa. Picha safi ilikuwepo ndani ya video, imeharibikia njiani.

Hapa chini tunaeleza inaharibikia wapi, na namna ya kuitoa ikiwa na ubora wake wote.

Video ni picha nyingi zinazokimbia

Video ni mfululizo wa picha za kawaida zinazopita haraka mpaka jicho linaona mwendo. Kila picha moja huitwa fremu. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, kwa hiyo video ya dakika moja ina fremu 1,800. Ukirekodi kwa fremu 60, zinakuwa 3,600.

Maana yake ni kwamba kwenye ile video ya dakika mbili ya mama akicheka kuna picha zaidi ya 3,000 za kuchagua. Hakuna mpiga picha wa harusi anayempiga mgeni mmoja picha 3,000.

Kutoa picha kwenye video ya nyumbani si jambo jipya. Rais John F. Kennedy wa Marekani alipouawa mjini Dallas Novemba 22, 1963, mfanyabiashara wa nguo, Abraham Zapruder, alikuwa pale na kamera yake ya familia. Filamu yake ina sekunde 26 hivi na fremu 486. Siku chache baadaye jarida la Life lilichapisha picha zilizotolewa humo, na fremu zile zikapewa namba na kuchunguzwa moja moja. Kamera ya nyumbani ndiyo iliyobeba kumbukumbu ya tukio zima.

Skrinshoti inakuangusha wapi?

Skrinshoti haichukui fremu ya video. Inachukua kile kinachoonekana kwenye kioo cha simu yako kwa wakati huo, kwa ukubwa wa kioo hicho. Hapa ndipo wengi hawajui.

Tuweke hesabu. Picha ya simu imejengwa kwa vinukta vidogo viitwavyo pikseli. Video ya 1080p, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye simu nyingi, ina pikseli 1920 kwa 1080. Jumla ni pikseli milioni 2 na kidogo kwa kila fremu.

Sasa chukua simu ya bei nafuu yenye kioo cha pikseli 720 kwa 1600. Ukiishika wima na kucheza video iliyorekodiwa kwa kulaza simu, video inakaa kipande cha katikati tu: pikseli 720 kwa 405. Ukipiga skrinshoti na kukata ile mistari myeusi ya juu na chini, unabaki na pikseli kama 290,000. Umetupa zaidi ya sehemu sita kati ya saba za picha yako, na bado hujaituma popote.

Ukiilaza simu video ijae kioo, unapata 1280 kwa 720. Afadhali, lakini bado ni chini ya nusu ya ilivyokuwa. Na kama video ni ya 4K, yenye pikseli milioni 8.3 kwa fremu, hasara ni kubwa zaidi.

Ongeza na vitufe vya kusimamisha video vinavyobaki juu ya sura ya mtu, saa, alama ya betri na meseji iliyoingia. Vyote vinaingia kwenye skrinshoti.

Kabla ya yote: itafute video asilia

Hatua hii ina uzito kuliko zote zinazofuata. Video iliyopita WhatsApp imeshabanwa ili isile bando. Ikitumwa kwenye grupu la familia, ikasambazwa, ikawekwa status, kisha mtu akaipakua, inayobaki ni kivuli cha ile ya kwanza. Hakuna apu itakayorudisha kilichotupwa.

Kwa hiyo uliza: nani alirekodi? Mpigie simu, mwombe faili lenyewe. Kama yuko mbali, mwambie afanye moja kati ya haya:

- Aitume WhatsApp kama dokyumenti, asiitume kama video. Abonyeze alama ya kuambatisha, achague "Document", kisha alitafute faili. Kwa njia hii WhatsApp hailibani, na inapokea faili la hadi GB 2.
- Aipandishe Google Drive na kukutumia linki.
- Kama mko jirani, mtumiane kwa Quick Share kwenye Android au AirDrop kwenye iPhone. Bando haliliwi kabisa.
- Aiweke kwenye flashi au kadi ya memori.

Kama harusi au ubatizo ulirekodiwa na mpiga video wa kulipwa, muulize mapema kama bado ana faili za mwanzo. DVD aliyowapa ni ndogo kuliko alichorekodi. Wapiga video hufuta kazi za zamani ili wapate nafasi, kwa hiyo usisubiri miaka.

Jambo lingine la kuangalia ni Google Photos. Ikiwa umechagua kuhifadhi kwa "Storage saver", video inayozidi 1080p hupunguzwa mpaka 1080p. Ukishabonyeza kile kitufe cha kupunguza nafasi kwenye simu, ile asilia inafutwa na inabaki iliyopunguzwa. Angalia mpangilio wako leo, kabla hujahitaji.

Kujua ubora wa video uliyonayo, ifungue, kisha itelezeshe juu au bonyeza sehemu ya maelezo. Utaona namba kama 1920x1080. Ukiona 848x480 au chini ya hapo, ujue umepewa nakala iliyobanwa. Endelea kumtafuta mwenye asilia.

Namna ya kuitoa fremu yenyewe

Ukishapata faili, kazi iliyobaki ni ya dakika chache.

*Android kwa kutumia Google Photos.* Simu nyingi za Android huja na apu hii. Fungua video, bonyeza "Edit", sogeza mstari wa video taratibu mpaka ufike mahali unapopataka, kisha bonyeza "Export frame". Picha inahifadhiwa pamoja na picha zako nyingine. Haina vitufe wala saa juu yake.

*Samsung.* Simu nyingi za Galaxy zina njia fupi zaidi. Fungua video kwenye Gallery, isimamishe, kisha angalia juu ya kioo utaona alama ndogo ya kukamata picha. Ukiibonyeza, fremu inahifadhiwa hapo hapo.

*iPhone.* Njia rahisi ni kupakua apu ndogo ya kutoa fremu kama Frame Grabber. Inakuruhusu kusogea mbele na nyuma fremu moja moja. Kama ulichopiga ni Live Photo, huhitaji apu: hiyo hubeba sekunde 1.5 kabla na 1.5 baada ya kubonyeza, na unaweza kubadilisha picha kuu ndani ya apu ya Photos yenyewe.

*Kompyuta.* Hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwa picha ya maana, mfano ya msiba au ya kutengenezea fremu kubwa. Pakua VLC, ni ya bure. Fungua video, isimamishe karibu na mahali unapopataka, kisha bonyeza herufi E. Kila ukibonyeza, video inasogea fremu moja tu. Ukifika kwenye fremu uliyoipenda, kwenye Windows bonyeza Shift na S kwa pamoja. Picha inaingia kwenye folda ya Pictures, kwa ukubwa ule ule wa video. Huna laptopu? Nenda na flashi yako steshenari au intaneti kafe, kazi hii haizidi dakika kumi.

Ukimaliza, hakikisha. Fungua maelezo ya picha uliyotoa na ulinganishe namba zake na za video. Kama video ni 1920x1080 na picha ni 1920x1080, umefaulu. Kama picha ni ndogo, apu uliyotumia imekupunguzia, tafuta nyingine.

Fremu ipi ya kuchagua?

Fremu mbili zilizofuatana zinaweza kutofautiana sana. Moja safi, inayofuata ina ukungu. Kuna sababu mbili.

Ya kwanza ni mwendo. Kamera ikirekodi, hasa usiku au ndani ya ukumbi wenye taa hafifu, kila fremu inapigwa polepole kiasi kwamba mkono unaotembea unaacha mkia. Hivyo usimtafute mtu akiwa katikati ya kucheza. Tafuta pale mwendo unapogeuka au kuishia: mikono imekutana kwenye makofi, mtu amemaliza kuinua glasi, ametulia kidogo kabla ya kuanza kusema.

Ya pili ni ubanaji. Ili faili lisiwe kubwa mno, simu haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi fremu moja kamili, halafu kwa zinazofuata inaandika zaidi kile kilichobadilika. Kamera ikitikisika au ikihama ghafla, kila kitu kinabadilika kwa pamoja, na hapo unaona vijisanduku usoni. Kamera ikitulia kwa sekunde kadhaa, picha inajengeka vizuri. Ndiyo maana fremu nzuri hupatikana pale aliyerekodi alipotulia.

Kisha angalia macho na mdomo. Kupepesa jicho mara moja kunaweza kula fremu tatu hadi kumi na zaidi, kwa hiyo usikate tamaa ukikuta macho yamefumba, sogea mbele kidogo. Mtu anayeongea mdomo wake hukaa vibaya kwenye picha. Subiri anapovuta pumzi au anapomaliza sentensi na kutabasamu.

Toa fremu tano au sita, si moja. Zitazame zote kwenye kioo kikubwa, halafu mshirikishe mtu wa familia achague. Yeye atajua ipi ndiyo "yeye hasa".

Itachapwa kwa ukubwa gani?

Kwa picha ya kushika mkononi, hesabu kama pikseli 200 kwa kila inchi na itapendeza. Kwa hesabu hiyo, fremu nzima inakupa hivi:

- 480p: inchi 4 kwa 2.4. Inatosha albamu ndogo tu.
- 720p: inchi 6.4 kwa 3.6. Karibu na kadi posta.
- 1080p: inchi 9.6 kwa 5.4.
- 4K: inchi 19 kwa 10.8. Hapa A4 ni uhakika.

Angalizo: hiyo ni fremu nzima. Kama mtu unayemtaka amesimama nyuma ya watu kumi na sura yake ina upana wa pikseli 300, ukimkata peke yake umebakiwa na inchi moja na nusu. Hiyo ni pasipoti, haiwi A4. Chagua sehemu ya video ambayo kamera ilimkaribia.

Picha ya ukutani inayotazamwa kutoka mbali husamehe zaidi. Sura iliyotoka kwenye 1080p inaweza kuwekwa kwenye fremu ya A4 sebuleni na ikaonekana sawa kwa mtu aliyekaa kwenye kochi, japo ukiisogelea utaona ulaini. Na unapompelekea mchapaji, mpe kwa flashi au itume kama dokyumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida, umerudi ulikotoka.

Kanda za zamani za VHS

Nyumba nyingi bado zina kanda za harusi za miaka ya 1980 na 1990 juu ya kabati. Humo ndimo walimo babu na bibi ambao hawakuwahi kushika simu janja. Kanda hizi zinahitaji haraka, kwa sababu utepe wake huharibika, na joto la unyevu kama la Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa huleta ukungu mweupe juu yake. Deki nazo zinaadimika: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016.

Usirekodi kioo cha TV kwa simu ukidhani umeokoa kanda. Mtafute fundi mwenye deki nzima na kifaa cha kuunganisha na kompyuta, abadilishe kanda iwe faili. Ukiona ukungu mweupe kwenye utepe, usiuingize kwenye deki, utaichafua deki na kukata utepe. Mwachie fundi ausafishe kwanza.

Ukishapata faili, ukisimamisha video unaweza kuona mistari kama meno ya kitana pembeni ya mtu anayetembea. Hiyo inatokana na mfumo wa TV za zamani: kila fremu ilikuwa nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati mbili tofauti, mistari ya shufwa na ya witiri. Kwenye VLC, ingia menyu ya "Video", chagua "Deinterlace", weka "On". Mistari inapungua, kisha unatoa fremu kama kawaida. Ubora hautazidi 480p sana, kwa hiyo chapa ndogo. Picha ndogo safi inapendeza kuliko kubwa iliyovurugika.

Tahadhari na apu za "kusafisha sura"

Picha ikiwa na ukungu, mtu wa kwanza atakayeiona atakwambia uipitishe kwenye apu ya akili mnemba. Inatoka inang'aa, ngozi laini, macho makali. Kabla hujaichapa, itazame tena.

Apu hizo hazirudishi kilichopotea, kwa sababu hakipo kwenye faili. Zinakisia. Zimefundishwa kwa sura nyingi za watu wengine, kisha zinajazia sura ya mtu wako kwa kile zinachodhani kingekuwepo. Matokeo yake mwanya wa bibi unazibwa, alama ya kuzaliwa inafutika, mikunjo iliyotokana na miaka 70 ya kucheka inapigwa pasi, na rangi ya ngozi inapauka. Mgeni ataona picha nzuri. Mtoto wake ataona mtu anayefanana na mama.

Kuongeza mwanga kidogo, kunyoosha picha na kukata pembeni hakuna shida. Lakini ikifika kwenye sura, weka picha asilia pembeni na umuulize mtu aliyemfahamu vizuri. Akisita tu, tumia ile yenye ukungu.

Kwa video utakayorekodi kesho

- Kama ni mtu mmoja anayeongea au tukio fupi la maana, na simu ina nafasi, weka 4K. Kwa iPhone, dakika moja ya 4K kwa fremu 30 hula takribani MB 170, na ya 1080p takribani MB 60.
- Simu nyingi huonyesha kitufe cheupe cha pili wakati unarekodi. Ukikibonyeza, unapiga picha huku video ikiendelea.
- Futa lenzi kwa kitambaa laini. Mafuta ya kidole huharibu picha nyingi.
- Mkaribie mtu kwa miguu, usivute kwa vidole kwenye kioo.
- Tulia kwenye sura yake kwa sekunde tano kabla ya kuhamisha kamera. Sekunde tano ni fremu 150.

Na usifute video baada ya kupata picha. Leo unataka sura yake, mwaka ujao mtu atataka kuisikia sauti yake. Hifadhi faili asilia sehemu mbili, lipe jina la mtu na mwaka, na mwambie angalau ndugu mmoja lilipo.